Siku ya Kufua Mapazia

Harufu ya mafuta mazito yanapoungua haifanani na ya kuni wala ya makaa. Ina uchachu kidogo, na huganda nyuma ya ulimi kama dawa ya kikohozi. Hiyo ndiyo harufu ya Kitengela niliyolelewa nayo, upande wetu wa mji, wakati ploti zilipokuwa bado zimetengwa na udongo mweusi na vichaka vya miiba. Mtambo wa umeme ulisimama ng'ambo ya uwanja walikolishwa ng'ombe wa jirani zetu, na dohani yake ilionekana kutoka kila mlango. Upepo ukielekea kwetu, moshi ulitufikia kabla ya chai ya asubuhi. Ukigeuka, ulikwenda mbugani kwa wanyama, ambao sikuwahi kusikia wakiulizwa maoni yao.

Baba alikuwa fundi wa injini mle ndani. Mtambo ulitulisha, ukatulipia karo, na ukatupaka masizi. Shati la shule lilianikwa jeupe likaanuliwa na vitone vyeusi, na ukivisugua vinaenea, kwa hiyo mama alijifunza kuvipuliza. Masizi ya nguo tungeyavumilia. Taabu ilikuwa kifua cha mdogo wangu Mwende, ambaye hakuwa hata ameanza shule. Siku za moshi mzito alikaa kwenye kizingiti cha mlango, mabega yakipanda na kushuka, kila pumzi ikipiga mluzi. Kwenye zahanati walimpa dawa ya kuvuta, wakamshauri mama ahame. Mama alisema asante, akarudi nyumbani, kwa sababu hatukuwa na pengine pa kwenda. Alimwomba baba mara nyingi aseme kitu kazini. Baba alimjibu kwamba usitukane wakunga na uzazi ungalipo, kisha akanywa chai yake. Wakati ule nilimwona mwoga, na nilimchukia kidogo.

Mtambo ulikuwa na leseni. Baba alitueleza habari zake kwa utulivu, kama mtu anayeeleza sheria za mpira. Serikali inakuruhusu utoe moshi mpaka kiwango fulani, usipite hapo, na kila baada ya muda wakaguzi wanakuja, wanapanda dohani, wanaingiza kifaa chao na kupima. Ukifaulu kipimo, leseni inaendelea. Ila wakaguzi walipiga simu kabla ya kuja. Kwa hiyo siku yao injini mbovu zililala, zilizobaki zikanyweshwa dizeli safi, na dohani ikatoa hewa ambayo ungeweza kumpulizia mtoto mchanga. Wahenga walisema palipo na moshi pana moto. Hawakuwa wamekutana na mameneja wa kwetu.

Ndipo ikazaliwa desturi ambayo sijaisikia mahali pengine. Baba hakuruhusiwa kutoboa siri za kazini, lakini siku moja kabla ya ukaguzi alizoea kusema, akivua viatu, kwamba kesho ni siku nzuri ya kufua. Mama alimnong'oneza Mama Naserian, jirani yetu mwenye ng'ombe, naye akampasha Mama Shiro wa duka, na kufikia jioni kila karai lilikuwa na nguo zilizolowekwa. Tuliwapenda wakaguzi kama wengine wanavyoipenda Krismasi. Hakuna aliyefikiri kwamba tulikuwa tunafanya jambo jingine zaidi ya kufua.

Kiangazi kimoja Mwende alizidiwa. Alilazwa hospitalini Kajiado, akarudi mwembamba, shingo yake inazunguka ndani ya kola. Siku chache baadaye baba alirudi kutoka kazini, akasimama mlangoni bila hata kuvua koti.

"Kesho fueni," alisema. "Fueni kila kitu, hata mapazia. Na uambie wenzako wote."

Mama alicheka, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu Kajiado. "Tangu lini wewe ukajua hii nyumba iko na mapazia?"

Kesho yake mtaa ulijaa nguo mpaka mbuzi wakakosa njia. Kulikuwa na mashuka, blanketi, majoho meupe ya kwaya, na shuka nyekundu za kina Naserian zilizotandazwa kwenye ua wa miiba. Adhuhuri mkaguzi mmoja, mwanamke aliyevaa kofia ya plastiki na buti, aliteremka kutoka kwenye dohani na badala ya kuelekea gari lake akavuka uwanja, akaja moja kwa moja mpaka kambani kwetu. Nilikuwa nimeshika bakuli la vibanio.

"Mama, habari ya kazi. Leo mko na harusi?"

"Hapana, madam. Tunafua tu."

"Ploti zote? Na ni katikati ya wiki?"

"Leo hakuna moshi," mama alisema.

Mkaguzi alishika pindo la blanketi zito, likamtiririkia mkononi. "Na hizi mliloweka lini?"

"Jana jioni," mama alijibu, kisha akaziba mdomo kwa kiganja.

Mama Naserian, aliyekuwa anasikiliza kutoka upande wa pili wa ua, hakuwa na mume mtamboni. "Hiyo moshi iko na akili," akasema. "Nyinyi mkikuja, inaenda safari."

Mkaguzi hakucheka. Alimtazama Mwende pale kizingitini, akauliza ana nini, akaambiwa ako na kifua. Akashukuru, akaenda. Mama alibaki amesimama na shati mkononi mpaka likaacha kudondoka maji, kisha akaniambia kwa sauti ndogo kwamba baba yako hana kazi. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa.

Hakukosea. Wakaguzi walirudi juma lililofuata bila kupiga simu, wakaukuta moshi nyumbani. Leseni ilisimamishwa mpaka dohani iwekewe kichujio, na mafundi wakarudishwa makwao. Injini zilipowashwa tena wenzake waliitwa, baba hakuitwa. Alikwenda Kimana kulima vitunguu kwenye shamba la kukodi, akawa anatujia mwisho wa mwezi, mikono imepasuka. Tulikula sukuma wiki mpaka tukasahau ladha ya nyama. Mwende, kwa upande wake, alianza kulala chali kama watoto wengine.

Leo Kitengela ni maghorofa, na nguo huanikwa kwenye roshani siku yoyote. Mtambo huwashwa mara chache, na nasikia sasa kuna kifaa kinachopima moshi saa zote bila kusubiri mgeni. Moshi unaonikera siku hizi ni wa malori na wa takataka zinazochomwa nyuma ya maduka, na huo hauna leseni wala anayekuja kuupima. Siwezi kusema kulikuwa bora zamani. Mwende ana duka la dawa Rongai na anaimba sauti ya kwanza kwayani, nami bado hupitisha kidole kwenye kamba kabla ya kuanika.

Krismasi iliyopita mama alikuwa anafua mapazia uani, baba yuko kwenye kigoda anamenya vitunguu vyake mwenyewe. Mama alisema tena neno ambalo amelisema kila mwaka tangu wakati ule, kwamba ulimi wake ndio uliomponza baba. "Mimi ndio nilifanya ufutwe."

"Wewe?" Baba hakuinua macho. "Si mimi ndio nilisema mfue mapazia."

Mama aligeuka, maji yakimdondoka viganjani. "Ulijua wataona?"

"Juu ya ile dohani unaona mpaka mlango wetu," baba alisema. "Nilikuwa napanda kila wiki. Nilikuwa namwona Mwende amekaa hapo."

Mama alilitoa karaini pazia lililobaki, akampa baba ncha moja, naye akaweka kisu chini, akainuka, wakalikamua pamoja.