Kichaka cha Kishungi

Enzi zetu kule Kitura hatukuwa na simu za kumpigia ndege picha. Ndege ulimjua kwa kumwinda, au kwa kumkalia kimya mpaka akuzoee. Mimi nilimkalia kimya Kishungi. Ndivyo nilivyomwita kindege mmoja wa kijivu, hodari wa kudaka nzi hewani, kishungi wima kichwani kama mtoto aliyeamka hajachana nywele.

Alijenga kiota kwenye kichaka katikati ya shamba letu la mlimani, akaangua makinda wawili. Na Jumamosi wanaume wa ujima wangekuja kufyeka, ili mama achimbe ngoro, yale mashimo yetu ya mlimani yenye kingo za kupandia maharage. Baba hakuwa na utani na shamba. "Kichaka shambani ni uvivu uliosimama," alizoea kusema. Wiki nzima hata ugali kwa usipa, dagaa wetu wa Ziwa Nyasa, niliuacha sahanini.

Wakaja, wakajipanga mstari, nyengo zao za kufyekea zikipanda na kushuka. Nikaenda kusimama mbele ya kichaka. Baba akafika.

"Toka."

Sikutoka. Enzi zile kumkatalia baba mbele ya watu? Thubutu! Nyengo zote zikatulia. Makinda wakaanza kulia nyuma yangu, mama yao akachomoka akamvamia baba usoni. Baba akakwepa, kofia ikadondoka. Hakuna aliyecheka. Akaiokota, akaipangusa taratibu, akanitazama mpaka mkojo ukanibana.

"Kuna kiota?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Basi kichaka ni chako. Wakicheka watu, wakucheke wewe."

Akafyeka kukizunguka.

Siku hizi milima ile imejaa miti ya mbao, na Kishungi ameadimika. Wanangu nikiwasimulia wanamtafuta mtandaoni, kisha wananiambia, "Mbona wa kawaida tu, mama?" Haya, wasomi.

Juzi nilirudi nyumbani baada ya miaka sita. Nasema ni kazi zilinizuia, lakini ukweli ni uzembe wangu. Baba hawezi tena kuinama, alikuwa amewaita vijana wamfyekee. Nikiwa napanda kilima nilimsikia mmoja akiuliza, "Babu, na hiki kichaka?"

"Hicho kiacheni. Ni cha binti yangu."

Nilikuwa hatua chache nyuma yake, hata shikamoo sikuwa nimempa bado.