Niliwanyima watu kitufe cha kurudi nyuma, mpaka Koko wa Wamaza akaja na majina ya wajomba

Wakuu, salamu kutoka Kasongo.

Kosa langu la kwanza nalitaja hapa juu kabisa ili msilitafute. Nilitengeneza programu ya kuandikia matangazo ya redio, nikamnyima mtumiaji kila kitu.

Hawezi kurudi nyuma. Hawezi kukuza maandishi. Hawezi kunakili. Hawezi hata kuruka picha za mwanzo.

Na nilifanya hivyo kwa mapenzi.

Haya yalinipata mimi mwenyewe, nimebadilisha majina tu. Naandika huku nacheka peke yangu, kwa hiyo mkikuta herufi imeruka mnisamehe. Mimi sitajisamehe, nitarudi kuihariri.

Kwanza mnijue kidogo.

Sikusoma kompyuta shuleni. Nilinunua laptop ya mtumba, na ndani yake mtu alikuwa ameacha folda la masomo ya kutengeneza kurasa za web kwa kutumia plugin moja ya zamani. Internet kwetu ni ya kubahatisha, basi nikasoma folda lile lile mpaka nikalikariri. Hakuna aliyeniambia kwamba dunia ilishaihama teknolojia hiyo. Nilipokuja kujua, nilikuwa tayari fundi wake.

Kwa wasiojua: plugin ile ni programu ndogo inayopachikwa ndani ya browser. Ikishaingia, inachora kila kitu yenyewe. Browser inabaki kama fremu ya dirisha tu. Vitufe vyake viko pale juu, lakini havijui kinachoendelea ndani.

Kwa mtu kama mimi, huko kulikuwa peponi.

Ukurasa wa kawaida, mtu akikuza maandishi, vitu vinasogea. Akiwa na kioo kidogo, vinajipanga upya. Mimi kitu kikisogea kidogo tu, silali mpaka nikirudishe. Ndani ya plugin hakisogei kitu. Unachokiweka ndicho kila mtu atakachokiona, apende asipende.

Nikaenda kwenye redio ya mtaani kwetu. Wana kompyuta mbili zilizoungwa kwa waya, bila internet: moja mapokezi, nyingine studio. Nikawaambia, acheni daftari, watu wataandika matangazo mapokezi na mtangazaji atayasoma studio. Nikawawekea browser ya zamani, nikazima update zote ili plugin yangu isife.

Mwanzoni kulikuwa na jua.

Wakuu, lile jua. Linachomoza polepole nyuma ya mlima, ngoma inalia, miale inafunguka mmoja mmoja, halafu jina la redio linajiandika herufi kwa herufi. Miale peke yake ilinichukua wiki nzima. Sikuweka kitufe cha kuruka. Nani anataka kuruka jua?

Baada ya jua, hatua ya kwanza unachagua aina ya tangazo. Ya pili unaandika majina, kila jina kwenye kisanduku chake. Ya tatu unaandika ujumbe na kutuma. Ni mbele tu. Niliona mtu akirudi nyuma ataniharibia mpangilio.

Niliijaribu mara nyingi sana. Peke yangu. Kwa jina la "Test Test". Ilifanya kazi bila doa.

Sasa ikafika alhamisi.

Mchana ulikuwa umeshaanza kuisha pikipiki moja iliposimama nje ya redio, abiria wake wekundu kwa vumbi toka kichwani mpaka miguuni. Papa Amisi, mkulima wa kijijini Wamaza, pamoja na mama yake mzazi. Yule mama sote tulimwita Koko, kama tunavyomwita nyanya yeyote huku kwetu.

Jumamosi binti wa Papa Amisi alikuwa anapokelewa mahari. Kwa familia ile, mahari haipokelewi bila kaka mkubwa wa mama wa binti. Yeye ndiye anayekaa mbele ya wageni na kugusa vitu kwanza. Asipokuwepo, wageni wanarudi na mbuzi wao.

Na huyo mjomba, jina lake Kabemba, alikuwa anachimba dhahabu Lusangi. Simu haishiki kule. Ila jioni, saa ya matangazo, wachimbaji wote wanaizunguka redio, kila mmoja anasikiliza kama kwao kuna neno.

Kwa hiyo: tangazo lipite alhamisi saa kumi na mbili jioni, Kabemba asafiri ijumaa, jumamosi awe Wamaza. Likikosa alhamisi, basi.

Mama Feza, mtangazaji, akaketi mapokezi aandike. Mimi nikasimama nyuma yake, mikono mgongoni, kama fundi cherehani anayeangalia nguo yake ya kwanza ikivaliwa.

Jua likachomoza. Koko akalitazama mpaka mwisho.

"Ni muzuri," akasema.

Wakuu, nusura nilie.

Naomba niwaeleze jambo moja hapa. Kwetu tangazo la familia halitungwi na mtu mmoja kwa mstari ulionyooka. Familia inataja majina kwa jinsi inavyoyakumbuka, nyumba kwa nyumba, inabishana, inarudi, halafu ndipo inapanga nani atangulie. Nimezaliwa hapa. Nimeona mama yangu akifanya hivyo asubuhi nzima. Lakini nilipokaa mbele ya kompyuta nilisahau kwamba nina mama.

Koko akataja. Mama Feza akaandika. Visanduku vikajaa.

"Soma nisikie," Koko akasema.

Mama Feza akasogeza uso mpaka pua ikakaribia kioo. Akabonyeza Ctrl na alama ya kujumlisha ili akuze. Herufi zikabaki vile vile. Plugin ilikuwa inameza vitufe vyote.

"Petit, mutoto wangu, hii maandishi inakatala kukuwa mukubwa."

"Ni design, Mama."

"Design yako inanipofusha."

Akasoma hivyo hivyo, kwa kukisia. Koko akainua mkono.

"Kabemba iko wapi?"

"Iko huku chini, nyuma ya Salumu."

"Salumu ni mutoto wake. Utaita mutoto mbele ya baba? Kabemba akisikia vile, hatatoka mu shimo. Atasema sikuitwa, niliongezwa tu. Mumurudishe mbele."

Mama Feza akatafuta pa kumrudishia. Hapakuwepo. Akajaribu kunakili jina. Haikubali. Akabonyeza kitufe cha kulia cha mausi. Nilishakizima. Macho yake yakapanda juu, kwenye kile kishale cha browser kilichoandikwa Précédent, yaani cha kurudi nyuma.

"Mama, usi..."

Akabonyeza.

Jua likachomoza.

Tukalitazama wote, maana hakuna wa kuliruka. Ngoma. Miale. Herufi kwa herufi. Browser haikuzijua hatua zangu, ilikuwa imeiwasha programu upya toka mwanzo; majina yote yalikuwa yameenda na maji.

"Tunaanza tena," nikasema. "Safari hii tumtaje Kabemba kwanza."

Wakaanza tena, Kabemba wa kwanza. Safi. Wakafika hatua ya tatu, Mama Feza anaandika ujumbe, ndipo Papa Amisi akajipiga paji la uso.

"Tumesahau mama mudogo wa kule Kabambare."

Nikasema kwa sauti ya mtu anayezama, labda huyo tumtaje siku nyingine. Koko akanigeukia, wala hakukasirika.

"Siku ingine binti anaolewa tena?"

Mama Feza akarudi nyuma kwa njia pekee aliyoijua.

Jua likachomoza.

"Kijana," Koko akasema, "kwenu jua inatoka mara ngapi kwa siku moja?"

Papa Amisi alicheka mpaka akakohoa. Mama Feza aliweka kichwa mezani. Na mimi, na hapa ndipo nawaambia ukweli ambao sikumwambia mtu, nilicheka kwa hofu, kwa sababu saa ya ukutani ilikuwa inasogea na mimi ndiye niliyekuwa nawazuia. Kalamu ilikuwa pale pale mezani. Kila Mama Feza alipoitazama nilisema, "Ngojeni kidogo, inafanya kazi."

Nikapata wazo. Waandike yote bila mpangilio, tuchapishe, wapange kwenye karatasi.

Wakaandika. Printa ikaguna, ikatoa karatasi.

Nyeupe. Printa nayo ilikuwa haioni kilichomo ndani ya plugin.

Koko akaishika kwa mikono miwili, akaigeuza juu chini, akamwonyesha mwanawe.

"Amisi, tangazo ya Kabemba njo hii?"

Hapo Mama Feza hakunitazama tena. Aliichukua ile karatasi nyeupe, akachukua ile kalamu, akasema, "Koko, taja."

Nikabaki sina kazi. Ndiyo maana nikaona.

Koko akataja, Mama Feza akaandika. Kabemba akaja katikati, wakamchorea mshale mpaka juu kabisa. Mama mdogo wa Kabambare akabanwa pembeni, kwa herufi zilizolala. Jina moja likakatwa, wakabishana, likarudishwa. Papa Amisi akaitoa karatasi nje kwenye mwanga, akaiweka mbali na macho, akaisogeza karibu, akasoma kuanzia chini kwenda juu. Akarudi ndani. Koko akasema isomwe tena. Ikasomwa tena. Hakuna aliyesubiri jua.

Wakuu, kila walichoifanyia ile karatasi kilikuwa kitu nilichokuwa nimekizuia mimi. Kila kimoja.

Karatasi haikuwa nzuri. Ilikuwa imechafuka mishale. Na niliipenda kuliko kitu chochote nilichowahi kutengeneza, jambo lililonishtua.

Saa kumi na mbili Mama Feza akaingia nayo studio. Koko alikaa uani na redio ndogo sikioni, ingawa studio ilikuwa nyuma ya ukuta tu na sauti tuliisikia mara mbili. Kabemba akaitwa wa kwanza. Koko akatikisa kichwa mara moja, kama mtu aliyeonja chumvi akakuta inatosha.

Ijumaa sikula vizuri. Kama Kabemba hakusikia, je, ni kwa sababu yangu? Nilipiga hesabu za barabara ya Lusangi utadhani mimi ndiye mwenye pikipiki.

Jumapili Papa Amisi akapata mtandao, akanipigia.

"Ingeniere, mujomba alifika."

"Alifika?"

"Na matope kwenye kofia. Salumu naye alitaka kuja, baba yake akamwambia, mimi niliitwa mbele, weye uliitwa nyuma, bakia na chepe."

Nilikata simu nikazunguka nyumba nikiruka. Mama yangu akauliza kama nimepata kazi.

Jumatatu nikafuta plugin.

Nimeanza upya kwa ukurasa wa kawaida kabisa, maandishi na visanduku tu. Na hapa wakuu wangu mnaojua mtanicheka: kukuza maandishi, kurudi nyuma, kunakili, kuchapisha, vyote hivyo browser ilikuwa inavitoa bure tangu mwanzo. Nilikuwa nimefanya kazi miezi kadhaa ili kuvizuia.

Nilichoongeza ni kidogo. Maneno yanahifadhiwa kadiri unavyoandika. Kila jina lina mshale wa kulipandisha na wa kulishusha. Kuna ukingo pembeni wa kumbana mtu uliyemsahau.

Vitu vinasogea, ndiyo. Mama Feza akikuza herufi, kisanduku kinashuka mstari na mimi natamani kukirudisha. Nimejifunza kuangalia pembeni.

Jua sikulitupa. Nimeliweka kwenye kitufe kidogo chini kabisa, anayetaka kuliona anabonyeza. Mpaka leo aliyebonyeza ni mimi.

Nimekumbuka kuandika haya kwa sababu juzi Koko amerudi. Yule binti amejifungua, familia inatangaza. Mama Feza alipomaliza kuandika majina, Koko akasogeza kiti.

"Ile ya kurudi nyuma iko wapi?"

Nikamwonyesha Précédent. Akaweka kidole kwenye mausi, akanitazama, akabonyeza.

Ukurasa ukarudi. Hakuna ngoma. Akaniamuru nimrudishe mbele. Majina yote yalikuwepo, Kabemba juu kabisa.

Akabonyeza tena. Nikamrudisha tena. Yapo.

"Na jua?"

"Nimelipumzisha, Koko."

"Ilichoka," akasema, akabonyeza mara nyingine, kwa raha tu, huku Papa Amisi akimwomba waondoke kabla giza halijawakuta barabarani.

Nilichojifunza ni hiki: tangazo lilikuwa la Koko, mimi nilikuwa nimempa kiti tu. Nikakifunga miguu sakafuni nikidhani ndiyo umaridadi.

Wenye programu zenu, hasa mliotoka kwenye plugin za zamani kama mimi, semeni hapa chini: nani alikaa mbele ya kazi yako akabonyeza usichokitarajia? Mniumbue pia mkitaka, leo nina moyo wa kupokea.

Kwa upande wangu, kilichobadilika ni kimoja. Kabla sijampa mtu ukurasa, naujaza majina ya watu wa kweli, nabonyeza kurudi nyuma, na naangalia kama bado wapo.