Aproni Niliyokuwa Nikiikunja

Mama alitulea mtaa wa Jericho, watu saba katika nyumba ya kanjo, yaani ya baraza la jiji, ya chumba kimoja, na nguo ambayo hukuikunja pembe kwa pembe ilikukosesha chai. Ndiyo maana sivumilii kitu kurushwa ovyo. Nilipoajiriwa usafi katika kituo kidogo cha eksirei upande wa mtaa wa Fedha, nikakuta aproni imebwagwa kitini, nilikasirika kwelikweli.

Ilikuwa nzito, ndani imejaa madini ya risasi, ya kumkinga mvaaji na miale ya mashine. Kila jioni niliipangusa, nikaikunja mara nne, nikaikandamiza kwa goti maana ilikuwa kaidi, nikaitia kwenye droo. Bosi, ambaye ndiye aliyepiga picha, alisifu chumba kuwa nadhifu. Yeye mwenyewe hakuivaa. Alijibanza nyuma ya ukuta akabonyeza kitufe.

Aliyeivaa ni mwenzangu, dada mmoja wa Kakamega, kazi yake kuwashika watoto wasitikisike wakipigwa picha. Alikuwa ameolewa miaka tisa bila mtoto, na mama mkwe hakumwachia nafasi ya kupumua. Siku aliyoniambia ana mimba tulipiga kelele chooni kama wendawazimu. Nilimwambia aombe kazi nyingine. Bosi akasema haipo. "Si nina aproni?" mwenzangu akanicheka. "Na vile unaitunza, wee!"

Ijumaa moja, yeye akiwa kliniki, alikuja fundi wa mashine. Akaniona naitoa aproni kwenye droo.

"Ala! Nani anaikunja hii?"

"Ni mimi," nikajibu, tena kwa majivuno. Mtu mzima ovyo.

Akaitandaza mezani, akaipiga picha ya eksirei. Kwenye skrini ilikuwa nyeupe, na katikati, panapokaa tumbo, mistari myeusi imekatiza huku na huku. Akasema hutundikwa, haikunjwi. Ukiikunja risasi inapasuka, na miale inapita hapo.

Fundi alipoondoka, bosi akaniambia, "Itundike. Tutaagiza nyingine. Na usimtie mwenzako wasiwasi, atatuachia kazi."

Jumatatu mwenzangu akaja, akaishusha msumarini, akaivaa. Nilikuwa na maneno mdomoni, naapa. Lakini ningeanzia wapi? Kwamba ni mimi niliyeiharibu? Kwamba nimelijua hilo tangu Ijumaa? Akanigeuzia mgongo nimfungie kamba, nami nikafunga. Jumanne nikafunga. Nilifunga wiki tatu nzima, kila asubuhi nikijiambia leo nitasema, na aproni mpya haikuja. Niliogopa kufutwa, lakini zaidi niliogopa uso wake. Mimi ni mwoga, sina jina lingine la kujiita.

Mimba ikatoka.

Nilimkuta kwake, amekaa sakafuni, mgongo kwenye kitanda, leso imelowa. Daktari alimwambia haya hutokea, na hakuna anayeweza kujua sababu. Huenda ni kweli. Mimi haikunisaidia.

"Nilikosea wapi, dada?" akaniuliza. "Niambie wewe. Wewe hunifichi kitu."

"Hukukosea popote," nikasema. "Ni mapenzi ya Mungu."

Akaniegemea begani, akaniomba nimwombee. Nikamshika mikono yote miwili, nikaomba kwa sauti, maneno matamu yakinitoka bila kukwama, mpaka akatulia na kusema amina.