Niliyaonea Aibu Maharage

Nimekosa, jamani. Nimemkosea mtu aliyenipenda, na nimemkosea kwa sababu ya maharage. Ndiyo, maharage! Cheka kwanza, kisha unisikilize.

Mimi ni mama wa hapa Kolwezi. Mume wangu anafanya kazi kwenye kampuni ya mgodi, kama baba yake, kama babu yake aliyeletwa kutoka Kasai kuja kuchimba shaba. Kwetu mke wa mtu wa kampuni anatakiwa awe na mwili. Unene wa mke ndio tangazo la mshahara wa mume. Nami nilitangaza, Mungu wangu! Nilitangaza mpaka magoti yakakataa kunibeba na presha ikapanda.

Daktari hakunipa dawa ya kukondesha. Aliniambia nipunguze bukari, huo ugali wetu, niache mandazi na soda, nile maharage, karanga kiasi cha kiganja, na parachichi. Nikadhani atanikataza mafuta kabisa. Akacheka.

"Mafuta haiko mubaya, mama. Shida njo weye unamwangaka sana mu sufuria. Pima na kijiko."

Jioni nikamweleza mume wangu. Akaacha kula.

"Maharagi kila siku? Mu nyumba yangu? Batu batasema kazi yangu ilikwisha!"

Hakusema kwa ubaya. Hapa maharage ni chakula cha vijana wachimbaji, wale wanaoshuka mashimoni kutafuta kobalti. Wanayala asubuhi kwa sababu yanakaa tumboni, mtu hasikii njaa mpaka apande juu. Mtu wa kampuni anakula samaki, anakula nyama. Na mimi kwa kiburi nilimshinda mume wangu kwa mbali.

Basi nikala kwa siri. Nilipika akiwa kazini, dirisha nimelifunga ili jirani asisikie harufu, jasho linanitiririka. Nilitwanga karanga kidogo nikachanganya, nikakata parachichi pembeni. Nilishiba, ndugu zangu! Nilishiba kweli, hata mandazi sikuyatamani tena. Mwili ukaanza kushuka polepole, vitenge vikanilegea kiunoni.

Sasa sikia ubaya wangu. Rafiki yangu mkubwa, nitamwita Mama Ruti ingawa si jina lake, anauza maharage sokoni. Tumeimba kwaya moja tangu tukiwa wasichana. Nami nilikuwa napanda pikipiki mpaka Musonoi, mtaa wa mbali, kununua maharage kwa watu nisiowajua, ili yeye tu asijue ninachokula.

Jumapili moja, baada ya ibada, akanishika kiuno mbele ya wamama wote.

"Yee, mama! Munamuona huyu? Unakunywaka nini? Utuambie na siye!"

Wote wakanigeukia. Wake wa wakubwa wa kampuni walikuwapo, na wigi zao na mikoba yao. Niseme maharage? Mbele yao? Nilitafuta neno la heshima, nikalipata.

"Poda," nikasema. "Ya kutoka Dubai."

Uongo mtupu! Sijawahi hata kuionja.

Poda za kukondesha hazikosekani sokoni, kila muuzaji ana yake. Mama Ruti akaitafuta, akaipata, akaanza kunywa. Chakula akakiacha, akabaki na chai. Alipopungua nilimsifu. Nilimsifu, jamani, huku shingo yake imebaki mishipa!

Akaja kwangu mchana mmoja, macho yameingia ndani kwa kuharisha.

"Na ku weye, tumbo ilikuwa inakukimbia vile?"

Hapo ndipo ningesema. Tulikuwa wawili tu, hakuna wa kunicheka. Nikamjibu:

"Njo mafuta inatoka. Vumilia."

Vumilia! Neno hilo nalisikia hata sasa ninapoandika.

Alianguka sokoni, nyuma ya meza yake. Hospitalini wakasema maji yamemwishia mwilini na figo zimeumia. Nilikwenda kumwona na mkate na sukari, nikijua atanilaani. Laiti angenilaani!

"Unisamehe," akaniambia kwa sauti ndogo. "Poda yako iko muzuri. Mwili yangu njo ilikataa."

Nikamshika mkono. Mwongo nikaombwa msamaha, nami nikaupokea.

Pengine ningenyamaza hadi kaburini. Lakini aliporudi nyumbani nilikwenda kumsalimia, nikamkuta anampa binti yake Ruti kopo la poda lililobaki. Mtoto wa shule, hajamaliza hata kukua!

"Kamata, usitupe," alikuwa anamwambia. "Weye ungali kijana, mwili yako itaiweza."

Nililinyakua lile kopo mkononi mwa mtoto. Nikasema yote, nimesimama katikati ya chumba: maharage, dirisha, pikipiki ya Musonoi, na ule uongo wangu wa Dubai. Ruti aliweka mkono mdomoni.

Mama Ruti hakupiga kelele.

"Si ungeniambia tu," akasema. "Tungekula pamoja."

Kisha akageukia ukutani, na Ruti akanifungulia mlango nitoke.

Siku hizi meza ya maharage anaishika Ruti, shule ameiacha. Mama yake hana nguvu ya kukaa juani, wala haji tena kwenye kwaya. Nikienda kununua, Ruti ananipimia, anafunga mfuko, anapokea pesa. Hanitazami. Na mume wangu, yule aliyeogopa maneno ya watu? Sasa napika maharage waziwazi; ameyaonja, ameyapenda, anaomba aongezwe! Nikimpakulia machozi yananitoka, naye anadhani ni moshi.

Wewe unayenisoma, kama mwili wako umepungua kwa maharage na karanga, sema ni maharage na karanga. Usimtupie rafiki yako jina la kitu usichokijua ili uonekane mtu wa maana. Na ukimwona anaumia kwa neno lako, usingoje kesho! Mimi niliogopa kuchekwa na wanawake wachache wenye mikoba mizuri. Kicheko chao kingekwisha Jumapili ileile.