Ufa Juu ya Kitanda cha Mama Mkwe

Ufa ulirudi tena, palepale, juu ya kitanda cha mama mkwe.

Miaka ile Wabelgiji bado wanatawala mji wa Kindu, Kalonji alikuwa fundi wa breki kwenye karakana ya reli, mtu wa Kasai, asiyepata usingizi mpaka ajue kitu kimeharibika kwa sababu gani. Nyumba yake katika kambi ya reli aliachiwa na Mzungu aliyehamishwa: kuta za matofali, dari ya fito zilizopigwa lipu ya chokaa. Vyumba vyote dari ilikuwa nzima, isipokuwa kile cha bibi Kanku, mama yake mkewe Mwadi.

Na humo Kalonji hakuweza kuingia. Enzi hizo mkwe alikuwa mkwe. Hukumtazama machoni, hukusema naye, hukula mbele yake, hukukanyaga anapolala. Leo watu wanagombania rimoti na mama wakwe zao, wanaita maendeleo. Kalonji alikoroga chokaa na mchanga barazani, kisha akasimama ukumbini akiupa mlango mgongo, huku Mwadi na mimba yake akipanda mezani kuziba.

"Umelowesha kwanza?"

"Nimelowesha."

"Bonyeza sana, iingie ndani."

"Kama unajua kushinda mimi, ingia basi!" Mwadi alicheka. Alijua hathubutu.

Haukupita muda, lipu ikadondoka. Bibi akamwambia binti yake, kwa sauti ya kufika ukumbini: "Katika nyumba hii wananizika mimi ningali muzima. Mvua ikikatika ninarudi Kasai, na wewe utazalia kwetu."

Mtoto wake wa kwanza, azaliwe mbali asimwone! Kalonji akazidi kujiuliza. Chokaa ni ileile, mkono ni uleule. Treni hutikisa nyumba nzima, si chumba kimoja. Bati halivuji. Sasa kwa nini pale tu?

Jumapili, bibi alipokwenda misa na Mwadi, Kalonji alipanda darini kupitia tundu la ukumbini. Bibi akiwamo asingethubutu. Kupita juu ya kichwa cha mama mkwe ilikuwa aibu ya kulipia mbuzi. Akatambaa juu ya boriti na tochi yake. Penye ufa akakuta kulabu ya chandarua ya yule Mzungu, imefungwa kwenye ufito mwembamba, na ufito umepinda vibaya. Chandarua gani kina uzito huo? Akaweka jicho kwenye ufa.

Chini yake lilining'inia kapu kubwa, limejaa karanga za mbegu, zile nono za Kasai, mbali na panya. Kumbe Mwadi na mama yake walikuwa wanalishusha kila siku ya kuziba, kisha wanalirudisha!

Lakini mtu anayetaka kuondoka, mbegu za nini? Kalonji akalala pale juu ya boriti akiwaza. Bibi alikuja na mbegu ili alime. Na kumwomba mkwe shamba haiwezekani. Alikuwa anangoja apewe.

Vumbi la chokaa likamwingia kooni, akakohoa. Papo hapo mlango wa chini ukalia. Misa imekwisha.

"Nani iko kule juu?"

Kalonji akaganda. Kujibu hawezi, hawasemezani. Kusogea hawezi, kichwa cha bibi kiko chini yake.

"Iko panya, mama," Mwadi alisema.

"Panya gani iko na kikohozi?" Bibi akajijibu: "Panya ya karakana, bila shaka. Twende inje, mutoto wangu, ashuke."

Kesho yake alfajiri Kalonji alifyeka nyasi nyuma ya nyumba mpaka kwenye mtaro. Akaegemeza jembe jipya kwenye mlango wa bibi, akaenda kazini bila neno.

Jioni jembe halikuwapo. Nyuma ya nyumba kulikuwa na matuta mabichi, na kapu tupu limeegemezwa ukutani. Mwadi alikuwa mezani, anaziba ufa. Kalonji akasimama ukumbini, mgongo mlangoni kama kawaida, akasikia sauti ya bibi kutoka uani:

"Mwadi! Ambia ile panya isikanyage matuta yangu."