Miezi Minne ya Mshtarii

Enzi zile za Mwingereza, sisi watoto wa Hasamba tulikwenda shule ya misheni pekupeku, umande wa Mbozi ukituuma vidole, kiporo cha ugali wa ulezi kimefungwa kwenye jani la mgomba. Tuliandika kwa kijiwe kwenye kibao, tukafuta kwa mate, basi, somo limekwisha. Wajukuu wangu nikiwaambia hivyo wananitazama kana kwamba nasimulia habari za Nuhu. Wao chaji ya simu ikiisha, wanaumwa.

Mwalimu wetu alikuwa kijana wa Kinyiha aliyesomea ualimu mbali, mwembamba, kaptula yake imenyooshwa kwa pasi ya mkaa kila siku ya Mungu. Siku moja alituchorea ubaoni mzee mwenye ndevu. Akasema huyu ni Mtaliani wa zamani sana, mtazama nyota, ndiye aliyeelekeza darubini kwenye sayari ya Mshtarii akakuta inazungukwa na miezi minne. Wakubwa wa kanisa lake walimkasirikia kwa aliyoyasema juu ya mbingu, wakamfungia nyumbani mpaka akafa. Sisi tulichouliza ni nani alikuwa anampikia. Mimi nikaongeza: huko kwenye miezi minne, watu hupanda mahindi kwa kufuata upi? Mwalimu alicheka hadi akakaa.

Jioni nikayapeleka yote nyumbani. Baba alikuwa mzee wa kanisa, na hakuwa mtu wa kelele. Aliweka tonge chini, akanawa.

"Mungu aliumba mwezi mmoja," alisema. "Kama shule ndiyo hii, utabaki hapa uchume kahawa na mama yako."

Kwa msichana wa wakati ule, kubaki nyumbani kulikuwa na maana moja tu: baada ya mavuno mawili matatu unaolewa. Nililia nyuma ya ghala la mahindi, nikanyamaza, nikaenda kuchuma kahawa. Ndivyo tulivyolelewa.

Juma lile lile mwalimu alikuja kwetu, giza ndiyo linaingia. Shingoni alining'iniza darubini ya macho mawili aliyoiazima kwa mzungu wa shamba la kahawa. Hakubishana. Alimwamkia baba kwa heshima zote, akasema, "Baba, naomba uangalie tu. Ukishaangalia, utakaloamua ni lako." Mama aliguna jikoni. Nilijua baba atamfukuza.

Baba akatoka uani. Darubini haikutulia mikononi mwake, kwa hiyo mwalimu akamwomba apige magoti, aegemeze viwiko juu ya ukuta mfupi wa zizi. Mzee wa kanisa akapiga magoti kwenye samadi. Alikaa pale mpaka ugali ukapoa.

"Naona vitatu," alisema mwishowe.

"Wa nne umejificha nyuma ya sayari, Baba. Utatokea."

Baba akafikiri. "Na hao waliomfungia yule mzee, waliangalia?"

"Wengine walikataa hata kuangalia."

Aliinuka, akapangusa magoti. "Mimi nimeangalia," alisema, kisha akanigeukia. "Kesho urudi shule. Kwenye kahawa nitamsaidia mama yako mimi."

Nikasoma, nikaja kufundisha Mlowo mpaka nikastaafu. Siku hizi taa za maduka na malori zimejaa barabarani pale, Mshtarii unaitafuta kwa shida. Wajukuu wananisomea kwenye simu, bila kuinua shingo, kwamba miezi yake si minne tena, ni mingi mno. Nawaamini. Ila nikimkumbuka baba inaniuma kidogo. Alipiga magoti kwenye samadi ili aangalie kitu alichokwisha kukikataa. Leo mtu anakubali na anakataa akiwa amelala kitandani, kwa kidole, wala hajiulizi kama kulikuwa na cha kuangalia.