Ngitili ya Mama na Mvua ya Kwanza

Harufu ya mvua ikigusa vumbi hunikuta hapa Nyakato nikianua nguo, nami husimama nazo mikononi, nimesahau nilichokuja kufanya. Nisikilizeni, maana jambo hili sijawahi kumwambia mtu.

Nilikuwa na miaka tisa. Kwetu, ng'ambo ya Kisesa, mama alikuwa na majaruba mawili ya mpunga bondeni, kando ya kijito kinachoshuka ziwani. Aliyarithi kwa mama yake, na ndiyo mali pekee aliyoiita yake mwenyewe. Juu yake, mteremkoni, palikuwa na ngitili yetu, malisho yaliyofungwa ambayo mifugo haikuruhusiwa kukanyaga hadi kiangazi kikazane. Akiba haiozi, mama alizoea kusema. Nyasi zake ndefu zililala na kuinuka kwa upepo wa ziwa, nami nilijilaza humo nikitazama mawingu yasiyoleta kitu.

Mwaka ule jua liliwaka mpaka kijito kikabaki mchanga mtupu. Kazi yangu ilikuwa kuwapeleka mbuzi mbali, kwenye majabali, lakini nilikuwa mvivu wa kutupwa. Kabla mama hajafungua ngitili, nikawaingiza kwa siri; siku moja, kisha kila siku. Walikula hadi mizizi. Udongo ukabaki wazi, laini kama unga wa muhogo, nikafurahia kuukanyaga peku.

Mvua ikaja mchana mmoja kwa kishindo. Maji hayakukuta nyasi za kuyazuia, yakashuka na udongo wote. Yalipotulia, majaruba yalikuwa yamezikwa na mchanga, hata matuta hayakuonekana. Kule mbali ziwa lilikuwa na doa la kahawia, nikadhani ni shamba letu linaogelea. Niliogopa sana.

Majirani walikuja kutoa pole. Mama aliwajibu, "Ni mvua tu. Imekuja na hasira baada ya jua refu."

Niliitikia kwa kichwa. Hatukuvuna mpunga tena pale, na kwa miaka mingi niliishukuru mvua kwa kunibebea kosa langu.

Tulikuwa tumekwisha kumzika mama ndipo siku moja nilipoukumbuka vizuri mchanga ule. Ulikuwa umejaa mavi ya mbuzi yaliyoshuka kutoka ngitili, na mama alikuwa amesimama juu yake, akiwaambia watu kwamba ni mvua.